Pombe ya Kabati la Visu

Walimwita Shoka kwa sababu ya kazi yake, na miaka ilivyokwenda hata mumewe akazoea kumwita hivyo. Machinjioni kulikuwa na wanaume wa kuchinja, wanaume wa kuchuna, wanaume wa kubeba, na wanawake wa kuosha utumbo kwenye sinki refu la saruji kule nyuma. Yeye hakuosha utumbo. Alisimama katikati ya ukumbi, chini ya reli, ambako ng'ombe waliochunwa walimfikia wakiwa wamening'inizwa kwa miguu ya nyuma. Kazi yake ilikuwa kuwapasua uti wa mgongo kuanzia mkiani mpaka shingoni ili wawe pande mbili. Alikuwa mwanamke mfupi, mpana wa mabega, na shoka lake lilikuwa la baba yake, aliyefanya kazi hiyo hiyo mahali hapo hapo mpaka macho yalipomtupa mkono. Vipande vya mfupa vilimrukia usoni siku nzima. Alikuwa na alama ndogo ndogo mashavuni, utadhani aliwahi kuugua ndui.

Watu wa machinjioni hasira zao ziko karibu. Sakafu inateleza, kila mtu ana kitu chenye makali mkononi, na mwenzako akikugonga kwa bahati mbaya unahisi amekuchokoza. Shoka naye hakuwa malaika. Mbebaji mmoja mgeni, kijana wa kujidai, alimshika makalio wakati ameinama. Hakupiga kelele. Alimdaka mkono, akaubandika juu ya gogo la kukatia, akashusha shoka. Likazama katikati ya kidole cha shahada na cha kati.

"Leo nimekosa kwa makusudi," akamwambia. "Kesho sikuahidi."

Ukumbi mzima ulicheka, na yeye akacheka kuliko wote. Yule kijana alihamia upande wa ngozi wiki hiyo hiyo.

Sasa, habari ya pombe. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na chumba cha baridi, ambako nyama ilisubiri magari. Magari yalipochelewa, msimamizi alitaka watu wabaki wapange nyama upya, na mtu aliyetoka kwenye joto la ukumbi akiwa ameloa jasho akaingia mle, meno yaligongana. Msimamizi akapata dawa. Katika kabati la visu, chini ya manoleo na aproni za akiba, aliweka dumu la pombe kali. Ufunguo alikuwa nao yeye peke yake. Alimimina kwenye kikombe cha bati, akampa kila aliyekubali kubaki. "Dawa ya baridi hiyo," alisema, na watu wakabaki, na kazi ikaisha, na tajiri, mwenye machinjio, akamsifu msimamizi wake kwa uchapakazi.

Wengine walikunywa kikombe wakasahau. Shoka hakusahau. Bega lake la kulia lilikuwa limeshaanza kuuma kwa miaka ya kupasua mifupa, na pombe ilipopita kooni bega lilinyamaza. Baadaye bega likaanza kuuma hata asubuhi, hata siku za mapumziko. Akawa na chupa yake nyumbani, nyuma ya ndoo ya maji.

Mumewe alikuwa fundi wa matairi, mtu mpole mwenye viganja vyeusi visivyotakata hata kwa sabuni ya namna gani. Siku moja aliikuta chupa, akaimwaga mbele yake. Shoka alimsukuma. Hakukusudia kumwangusha, lakini mikono ile haikujua kusukuma kidogo. Mume akaangukia jeki iliyokuwa sakafuni, nyusi ikapasuka, damu ikamfunika jicho. Shoka alimpeleka zahanati mwenyewe, amemshika kiunoni, akilia njia nzima. Mume akamwambia muuguzi kwamba jeki imefyatuka.

"Mama watoto," alimwambia wakati wa kurudi, "nimesema uongo kwa ajili yako mara moja. Mara ya pili sina."

Akaacha. Nyumbani, nasema. Kazini dumu lilikuwa palepale, na msimamizi alikuwa na kikombe.

*

Asubuhi ya balaa, gari la nyama lilikuwa limechelewa tangu alfajiri na watu walikuwa wameshaingia chumba cha baridi wakatoka. Shoka alikuwa amekwisha kunywa, na si kidogo. Alikuwa anapasua ng'ombe wa kwanza wa siku aliposikia makelele upande wa kizimba cha kuchinjia.

Fahali alikuwa mwekundu, mkubwa, pembe moja imevunjika nusu. Mchinjaji alimkata, lakini kisu hakikushuka vizuri, na mnyama akaamka. Komeo la kizimba lilikuwa limekufa zamani, limefungwa kwa waya. Waya ukakatika. Fahali akaingia ukumbini shingo imefunguka, damu inaruka kushoto na kulia kila anapotupa kichwa, anatoa sauti ambayo haikuwa ya ng'ombe wala ya kitu kingine. Wanaume walirukia meza. Mmoja alijining'iniza kwenye kulabu kwa mikono miwili kama nyama.

Aliyeshindwa kuruka alikuwa Kobe. Huyo alikuwa mchunaji mzee, aliyeitwa hivyo kwa mwendo wake. Ndiye aliyemfundisha Shoka kunoa, baba yake alipochoka. Fahali alimkuta amesimama na kisu chake kidogo cha ngozi. Pembe nzima ikaingia kwenye paja, ikamnyanyua, ikambandika ukutani. Kobe hakupiga kelele. Alifungua tu mdomo.

Shoka alikimbia akiteleza, shoka limeinuliwa. Pigo la kwanza lilikosa. Badala ya kisogo lilitua begani, likachana nyama, na fahali kwa uchungu akageuka na uzito wake wote, huku mguu wa Kobe ukiwa katikati ya mbavu zake na ukuta. Mfupa ulisikika ukivunjika. Pigo la pili lilitua nyuma ya pembe. Mnyama akapiga magoti, kisha akaanguka upande. Shoka akaendelea kupiga hata baada ya hapo, mpaka mtu akamshika mkono kutoka nyuma na kumwambia, "Basi, dada. Basi. Amekufa."

Walimtoa Kobe wakamfunga paja kwa mikanda ya aproni. Alipopakiwa garini alimtafuta Shoka kwa macho, akamwona, akafumba.

Tajiri alifika akiwa na viatu vyake vya ngozi, akasimama mlangoni asije akavichafua. Alitazama fahali aliyechanwachanwa. Alitazama damu ukutani. Kisha akamwita Shoka karibu, na alipomkaribia, akanusa.

"Huyu amelewa."

Akageukia ukumbi.

"Mwanamke mlevi, na shoka mkononi, katikati ya watu! Ndiyo maana mtu wangu amevunjwa mguu. Toka. Huna kazi hapa."

"Bosi, ngoja nikueleze ilivyokuwa," Shoka alisema. Bado alikuwa anahema. "Nisikilize kwanza, halafu unifukuze."

"Mlevi anaelezwa, haelezi. Mtoeni."

Shoka akamtazama msimamizi. Msimamizi alikuwa amesimama mgongo wake umeegemea kabati la visu, mkono mmoja mfukoni, pale alipoweka ufunguo. Alikuwa anaangalia mabuti yake.

Walinzi walikuwa wawili. Wa kwanza alimpokonya shoka. Wa pili, mtu mrefu mwenye shingo nene, alimkamata nywele. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Shoka alimpiga kichwa cha uso, meno mawili ya mbele ya mlinzi yakabaki kwenye paji lake. Walimwangusha. Wakampiga rungu mbavuni, mgongoni, kwenye lile bega, wakamburuta kwenye damu ya fahali mpaka nje, akaacha mchirizi kuanzia ukumbini hadi getini. Wanawake wa utumbo walitoka wakapiga mayowe. Mmoja alimrushia mlinzi ndoo ya maji machafu ikampata kisawasawa. Geti likafungwa. Baada ya muda likafunguliwa kidogo, shoka la baba yake likatupwa nje, geti likafungwa tena.

*

Fundi wa matairi alimwosha mkewe uani, juu ya kiti cha plastiki. Maji yalitoka mekundu ndoo ya kwanza na ya pili, na hakuna aliyejua ipi ni damu yake na ipi ni ya ng'ombe. Jicho moja lilikuwa limeziba. Kila alipovuta pumzi alishika ubavu. Hospitali walimpiga picha, wakamwambia mbavu zimepasuka, alale.

Mdogo wake wa kiume, mwenye bucha, alikuja moja kwa moja kutoka kazini na kisu chake kimefungwa kwenye gazeti.

"Dada, nitajie jina tu. Nani aliyekushika nywele?"

"Shemeji," fundi akasema, "weka hicho kisu mezani, ule chakula."

"Sikuja kula!"

"Basi kiweke mezani usile."

Walibishana mpaka sauti zikasikika njiani. Shoka alikuwa anawaza pigo lile la kwanza. Tangu aanze kazi hakuwahi kukosa pigo namna ile. Tajiri alisema yeye ndiye aliyemvunja Kobe mguu, na kila alipofumba lile jicho zima, alisikia ule mfupa.

Mbavu zilipopoa kidogo, asubuhi moja aliondoka nyumbani bila kuaga, shoka chini ya kanga, akaenda kwa msimamizi. Msimamizi alikuwa anakunywa chai na mkewe. Shoka hakubisha hodi. Alipiga mlango chini ya kitasa, ubao ukachanika, akaupiga teke ukafunguka. Msimamizi aliruka na kikombe chake, akajificha nyuma ya mkewe.

Mke wa msimamizi, mama mmoja mkavu aliyefunga kitambaa kichwani, alimtazama Shoka kutoka juu mpaka chini.

"Mama," alisema, "kama umekuja kumuua, mtoe nje kwanza. Nimetoka kupiga deki sasa hivi."

"Nimekuja kumsikia akisema neno moja," Shoka alisema. "Dumu. Aseme dumu ni la nani."

"Nina watoto," msimamizi alisema nyuma ya bega la mkewe. "Dada yangu, nikisema hilo nami nimekwisha. Watakula nini?"

"Na wangu wanakula nini?"

Shoka alinyanyua shoka, bega likampasuka kwa maumivu, akalishusha. Lilipasua meza katikati, vikombe vikaruka ukutani, chai ya moto ikammwagikia msimamizi mapajani, akalia kama mtoto. Shoka alijaribu kulichomoa, likagoma. Bega halikuwa na nguvu tena. Akaliacha palepale, limesimama mezani, akatoka. Mwenyewe aliniambia kwamba kama lingechomoka, hajui angefanya nini, na kwamba hapendi kufikiria.

*

Mumewe ndiye aliyemburuta kwa katibu wa chama cha wafanyakazi. Katibu alikuwa na ofisi juu ya duka la viatu, chumba kimoja chenye feni isiyozunguka. Alikuwa mwembamba, mwenye kikohozi kisichoisha, na habari ya mlango wa msimamizi ilikuwa imeshamfikia.

"Umekwenda na shoka nyumbani kwa mtu," alisema kabla hawajakaa. "Safi sana. Ukirudi tena, wapelekee na keki. Unajua umewapa zawadi gani?"

Shoka aliinua macho kwenye feni.

"Siku ile ulikunywa?"

"Nilikunywa."

"Vizuri. Usinidanganye mimi, na ukifika mbele ya mwamuzi usimdanganye yeye. Kunywa kazini ni kosa. Wangeweza kukuadhibu, na pengine hata kukufukuza. Mimi sitasimama kule niseme ulikunywa maziwa."

"Sasa nimefuata nini hapa?" Shoka akainuka. Mumewe akamvuta gauni, akakaa.

"Umefuata haki ya mtu aliyekosa," katibu alisema. "Asiyekosa hanihitaji sana. Aliyekosa ndiye wanayemfanyia watakavyo, kwa sababu wanajua ataona aibu. Ulielezwa kosa lako, ukapewa muda wa kujibu? Uliambiwa unaweza kuja na mwenzako akusimamie? Kuna mtu alikupima, au tajiri alinusa tu? Wengine waliokunywa siku ile wamefukuzwa pia?"

"Hapana. Hakuna hata kimoja."

"Na hiyo pombe ulitoka nayo nyumbani?"

Shoka alimtazama mumewe. "Nyumbani sinywi," alisema. "Ni ya dumu la msimamizi."

"Basi kuna mwajiri anayewapa watu wake pombe, halafu anamfukuza mmoja kwa kunywa. Hilo ndilo tutakalosema. Lakini nataka mashahidi."

Hapo Shoka alikataa katakata. Kuwataja wenzake ni kuwafukuzisha. Alisema kama ni hivyo yeye aachwe na njaa yake. Katibu alikohoa, akamwambia aende akafikirie. Alifikiria, jibu likawa lile lile.

Aliyebadilisha mambo alikuwa Kobe. Shoka alikuwa hajaenda kumwona hospitali. Miguu ilimpeleka mpaka getini, ikakataa kuingia. Siku alipotoka, Kobe alijipeleka mwenyewe kwa fundi wa matairi, kwa magongo mawili, akakaa juu ya tairi la lori.

"Mwite mkeo," alisema.

Shoka alikuja, akasimama mbali. Mguu wa Kobe ulikuwa umekatwa juu ya goti.

"Baba, ni mimi niliyekosa lile pigo."

"Najua. Nilikuwepo." Kobe alijikuna kidevu. "Hata la pili ni wewe uliyepiga. Wale wengine walikuwa juu ya meza. Sasa niambie, huyo katibu wenu anakaa wapi? Na kama ni ghorofani, nani atanibeba?"

*

Usuluhishi ulifanyika ofisi ya kazi, katika chumba chenye meza ndefu na pazia lililopauka. Mwamuzi alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, asiyecheka wala kukunja uso. Wakili wa tajiri aliongea kwanza na aliongea vizuri: mashine, visu, maisha ya watu, mlevi mwenye shoka, mzee aliyepoteza mguu. Shoka alisikiliza kichwa chini, kwa sababu mengi yalikuwa kweli.

"Wewe unasemaje?" mwamuzi akamuuliza. "Ulikuwa umekunywa?"

"Ndiyo, mama. Nilikuwa nimekunywa. Nadhani pigo la kwanza lilikosa kwa sababu hiyo. Sina hakika, lakini nadhani."

Wakili akatabasamu. Katibu akatazama dari.

"Ulikunywa wapi?"

"Kazini."

"Na nani?"

"Peke yangu."

Kobe aligonga sakafu kwa gongo lake. "Mwongo huyo!" alisema kwa sauti. "Mheshimiwa, samahani, lakini huyu binti ni mwongo. Hata mimi nilikunywa asubuhi ile. Ndiyo maana sikuruka. Mchinjaji alikunywa, kisu kikamkataa mkononi. Sote tunakunywa, tunapewa kikombe cha bati, kutoka dumu lililo kwenye kabati la visu, na ufunguo anao yule pale." Akanyoosha gongo kwa msimamizi. "Mimi hawawezi kunifukuza. Mguu wenyewe wameshauchukua."

Msimamizi alisema hajui dumu lolote. Aliulizwa tena, akasema hajui. Mwamuzi akaahirisha kidogo ili watu wapumzike.

Ilikuwa kwenye ngazi. Kobe alikuwa anashuka taratibu, gongo moja baada ya jingine, na yule mlinzi wa shingo nene, aliyeletwa kuonyesha mapengo yake, alikuwa nyuma. Alipiga gongo la kushoto teke. Kobe alikwenda kichwa mbele, akabiringika ngazi zote, kisigino cha mguu uliobaki kikigonga kila ngazi. Alilala chini, damu inamtoka puani na masikioni.

Mlinzi hakupata nafasi ya kugeuka. Shoka alimkaba koo kwa mkono wa kushoto, mkono mzima, akampigiza ukutani hata plasta ikadondoka. Akamnyanyua. Vidole vya miguu vya mlinzi vilitafuta sakafu. Uso wake ulibadilika rangi, macho yakatoka, mikono yake ikamparura Shoka mashavuni bila Shoka kuhisi.

"Muue!" mdogo wake Shoka, aliyekuja kusikiliza kesi, alipiga kelele kutoka chini. "Muue, dada!"

"Mke wangu," alisema fundi wa matairi, karibu kabisa na sikio lake. Hakumgusa. "Mke wangu. Mlango umefunguliwa. Mama yule anakuona."

Mwamuzi alikuwa amesimama mlangoni, miwani mkononi. Alimwona Kobe chini, gongo lililovunjika, mlinzi ukutani. Shoka alimtazama, akavuta pumzi, akafungua vidole kimoja kimoja, kwa shida, kana kwamba si vyake. Mlinzi akaanguka akitapika.

"Nani ameanza?" mwamuzi aliuliza.

Na aliyejibu alikuwa msimamizi. Pengine ni ile damu ya masikioni mwa Kobe, mtu aliyekula naye mchana kwa miaka mingi. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya juu. "Mlinzi," alisema. "Mlinzi ameanza. Na dumu ni langu. Tajiri analijua. Ndiye anayetoa hela za kulijaza."

*

Kobe alipona, ila sikio moja halikusikia tena. Mlinzi aliwekwa ndani kwa kumwangusha mlemavu kwenye ngazi, na malalamiko yake ya meno akayaacha mwenyewe alipoambiwa kwamba picha za mbavu za Shoka zipo hospitali zinamsubiri.

Mwamuzi hakumsafisha Shoka. Alisema wazi kwamba mtu kupasua mifupa akiwa amelewa ni hatari, na mwajiri alikuwa na haki ya kumchukulia hatua. Lakini akasema mwajiri hana haki ya kuwanywesha watu kisha amchague mmoja wa kuadhibu. Hana haki ya kuhukumu kwa pua. Na hakuna mfanyakazi, mlevi au mzima, anayetolewa kazini kwa rungu bila kusikilizwa. Kufukuzwa kule hakukuwa halali. Alipwe fidia, notisi na likizo zake, na apewe cheti cha utumishi kisicho na neno la kumpaka matope. Kurudi kazini, hapana. Mwamuzi aliona kilichotokea kwenye ngazi, akasema watu hawa wakikutana tena na visu mkononi, atakuja kusoma habari zao gazetini. Shoka mwenyewe alicheka aliposomewa hapo.

Alikwenda kufanya kazi kwenye bucha la mdogo wake. Siku za kwanza zilikuwa mbaya. Mwili ulidai pombe, jasho lilimtoka, alimtukana kila mteja aliyechagua chagua nyama. Mara moja alianguka tena. Mumewe alimkuta nyuma ya bucha na chupa, akakaa naye chini mpaka chupa ikaisha, kisha akambeba. Baada ya hapo alikwenda zahanati kwa miguu yake, akamwambia muuguzi, yule yule wa nyusi, ukweli wote, na wa jeki pia. Bega linamuuma mpaka leo. Anapiga kwa mkono wa kushoto.

Siku moja asubuhi, bucha lina watu, msimamizi alitokea mlangoni. Shati lake lilikuwa limechanika, mdomo umevimba, jicho moja jekundu kabisa. Tajiri alikuwa amesubiri kelele zipoe, akamwita ofisini, akamwambia kwamba ni yeye aliyeleta pombe kazini, atoke. Alipotaka kujieleza, wakaitwa walinzi wapya.

Mdogo wake Shoka alicheka, akatoka nyuma ya meza na kisu. "Huyu niachie mimi."

Shoka alimsukuma pembeni. Alikwenda mpaka mlangoni, akamzaba msimamizi kofi moja la mkono wa kushoto ambalo lilimkalisha chini kwenye vumbi, mbele ya wateja wote. Msimamizi hakujikinga. Alibaki pale chini, ameshika shavu.

"Hilo ni la Kobe," Shoka alisema. "Langu nitalidai siku nyingine. Walikusikiliza?"

"Hapana."

"Walikwambia uje na mwenzako?"

"Hawakuniambia kitu. Wamenipiga tu."

Shoka alivua aproni, akampa mdogo wake aliyekuwa amekodoa macho. Mteja mmoja akauliza nyama yake itakatwa na nani. Shoka alimshika msimamizi kwapa, akamwinua, akampangusa mgongo vumbi kwa makofi mazito yaliyomfanya akohoe, wakaondoka wote wawili kwa miguu kuelekea duka la viatu, kwa katibu. Walipofika chini ya ngazi, msimamizi alisimama.

"Dada, na lile shoka lako. Mke wangu alilichomoa, analitumia kwa kuni. Nikuletee?"

"Mwachie," Shoka alisema. "Panda."